Mgeni wa Siku Mbili Msalala

Si ajabu kukutana stendi ya Mwanza na kundi la vijana wa Kizungu, fulana zao za rangi moja, wakielekea Shinyanga au Geita. Ni watu wa misheni ya wiki mbili. Watapaka rangi darasa, wataimba na watoto, watapiga picha kibao, halafu hao, wamerudi kwao. Na wakifika huko kila mmoja husimama kanisani akasema safari ile imembadilisha maisha. Imembadilisha kweli? Na kama ndiyo, mabadiliko hayo analipa nani?

Hebu turudi nyuma mpaka mwaka 1882. Enzi hizo hapakuwa na mgodi wa Bulyanhulu wala wa Geita. Jina la Msalala, ambalo leo ni la halmashauri mkoani Shinyanga, wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS walilijua kama kituo cha kupumzikia kusini mwa Ziwa Nyanza, kwenye njia ya kwenda Buganda. Juni mwaka huo padri mmoja Mwingereza, James Hannington, alishuka Zanzibar akiongoza kundi la wamisionari wenzake. Alikuwa ameacha mke na watoto, na aliazimia kufika kwa Kabaka Mutesa.

Hakufika. Homa na kuhara damu vilimwangusha njiani. Uyui, karibu na Tabora, wenzake walikwisha kata tamaa naye. Wapagazi walimbeba kwenye machela mpaka Msalala, akavuka hata ziwa kidogo, lakini mwili ulikataa. Mwanzoni mwa 1883 aligeuza njia, na katikati ya mwaka alikuwa kwao Uingereza. Safari nzima, kwenda na kurudi, mwaka mmoja tu.

Je, ilimbadilisha? Ilimbadilisha sana! Barua zake zenye michoro alizowaandikia watoto wa kwao zilikuja kuchapwa kitabu. Alipopata nafuu alidai kurudi, na Juni 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba alikuja kutalii.

Lakini tazama alichojifunza. Njia ya Unyamwezi na Usukuma ilimfundisha kwa maumivu ya tumbo lake: njia hii inaua. Kwa hiyo aliporudi 1885 akaamua kupita njia mpya, Mombasa hadi Umasaini, kwenye baridi na hewa safi, aingie Buganda kwa mlango wa mashariki. Kwa afya, alikuwa na haki. Kwa siasa, alikuwa anatembea gizani. Mutesa alikwisha kufa, na kiti alikalia mwanawe Mwanga, kijana ambaye hata miaka 20 hakuwa nayo. Februari 1885 Wajerumani walijitangazia ulinzi wa nchi za bara, na Agosti manowari zao zilisimama mbele ya kasri ya Sultani Barghash. Habari zilifika Buganda: Wazungu wanakula nchi, na watakuja kutoka mashariki. Na huyo hapo Mzungu, anakuja kutoka mashariki! Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, pamoja na wapagazi karibu 50, wachache tu wakipona.

Hapo ndipo penye fundisho. Safari fupi humfundisha mtu mwili wake na moyo wake, nchi haimfundishi. Anarudi amebadilika kweli, lakini anaijua nchi kwa homa aliyoiugua, wala si kwa mambo wanayoyaogopa wenyeji.

Na wale wapagazi? Hannington ana vitabu na ana sanamu. Waliombeba kwenye machela nani aliandika majina yao? Angalau tunamjua William Jones, shemasi Mwafrika, aliyetekwa utumwani utotoni, akakombolewa na kusomeshwa India. Yeye ndiye aliyeachwa na msafara mkubwa Kwa Sundu, Mumias ya leo nchini Kenya, na ndiye aliyewarudisha watu pwani mwaka 1886 wakiwa wamechoka taabani. Safari ile ilimbadilisha na yeye pia, ila wasomaji wangapi wamewahi kusikia jina lake?

Mlinganishe Hannington na Alexander Mackay, fundi Mskoti. Huyu alikuja 1876 na kwao hakurudi tena. Mwanga alipomfukuza Buganda 1887, alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kufua chuma, kupiga chapa na kutafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Stanley alipopita hapo 1889 alikaa karibu wiki tatu, akamsifu sana, akaenda zake. Mackay alibaki. Februari 1890 malaria ikamuua.

Zamani hizi zina jibu kwa vijana wa fulana. Mtafiti Kurt Ver Beek aliwafuatilia Wamarekani wa Kaskazini waliokwenda Honduras kujenga nyumba baada ya kimbunga cha 1998. Wengi walisema wamebadilika. Kumbukumbu za michango yao zilionyesha badiliko dogo mno.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaoshika kalamu tusimcheke mgeni wa siku mbili, maana Hannington alitoa roho yake. Ila tukiandika, tumwulize kila msafiri: jembe ulilishika? Na tuwaulize waliombeba: ninyi ni akina nani, na mlionaje? Majibu yao bado hayajaandikwa, na hakuna mgeni atakayekuja kutuandikia.