Mzee Punch wa Mlimani

Kwa miaka mingi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, waliamka na kukuta bango jipya ukutani. Waliolibandika usiku hawakujulikana. Walijificha nyuma ya jina moja, Mzee Punch. Mwanzoni bango hilo liliwasema watu na mambo ya chuo kwa michoro na kejeli.

Kufikia miaka ya 1980 wasichana ndio waliokuwa shabaha kuu. Msichana aliyemkataa mwanamume, au aliyeonekana kujitenga, alichorwa utupu na kusingiziwa mambo ya chumbani, kisha akazomewa akienda kula au kuingia darasani. Nyumbani angalau kuna shangazi wa kukimbilia mvulana anaposumbua. Bwenini msichana alibaki na wenzake, nao wengi waliogopa kuonekana naye, wasije wakachorwa wao.

Februari 1990, mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Kifo chake hakikupaswa kuhitajika ili watu wazima waamke.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, hakikukubali suala hilo lizikwe pamoja naye. Mabango ya Punch yakapigwa marufuku. Wanahabari hao na wanaharakati wenzao waliendelea kudai sheria, na mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, maarufu kama SOSPA. Pamoja na kukaza adhabu ya ubakaji, iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, hata ule wa maneno.