Mashua mbili zilizopita mjini kwetu kwenda Kalemie



Ziwa letu hapa Karavia ni dogo. Mama mmoja aliyekimbia vita kule Nyunzu, akakaa kwanza Kalemie kabla ya kufika Lubumbashi, aliliangalia akacheka. Kwao, alisema, ziwa lina mawimbi yanayozamisha mashua. Wajukuu zake wamezaliwa hapa. Kalemie wanaijua kwa jina tu, na wanadhani historia ya kule haihusiani na ya mji huu. Inahusiana, tena kwa njia ya reli yetu wenyewe.

Vita vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa upande wa Kigoma ndio waliotawala Ziwa Tanganyika. Mwezi wa nane mwaka huo meli yao, Hedwig von Wissmann, iliiharibu meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune upande wetu wa ziwa. Wabelgiji wakabaki ufukweni bila meli ya kupigana.

Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa mita 12 hivi. Zilishushwa Cape Town, zikapandishwa treni, na mwezi wa saba 1915 zikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu. Reli ilikomea Fungurume. Kutoka pale mpaka Sankisia ni zaidi ya kilomita 230, na katikati kuna milima ya Mitumba.

Mashua, milimani! Zilivutwa na mashine mbili za mvuke, pamoja na ng'ombe wengi. Mamia ya wanaume walikata miti, wakapasua njia porini, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Penye mteremko mkali, mashua zilishushwa kwa kamba, polepole. Maji ya mashine yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba vichwani kutoka mbali. Walianza mwezi wa nane, wakafika Sankisia mwisho wa mwezi wa tisa. Kisha treni fupi hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, na kutoka Kabalo reli mpya iliyokuwa imefika ziwani mwaka huohuo, pale mto Lukuga unapotoka ziwani, ilipo Kalemie ya leo.

Vita yenyewe haikuchukua muda. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Iliyobaki, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa saba walipokuwa wakiiacha Kigoma. Baadaye iliinuliwa kutoka majini, ikapewa jina Liemba, na wazee wengi wa pande zile wameipanda.

Vitabu vya Wazungu vimejaa habari za mkubwa wa msafara, Spicer-Simson, mtu wa majivuno aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Hata Waholoholo wa Kalemie, inasimuliwa, walimpa jina la utani kwa vazi hilo. Mimi sketi yake hainihangaishi. Linalonihangaisha ni kwamba mabaharia wake wanajulikana kwa majina, lakini waliovuta kamba wanaitwa wapagazi tu, na wale mama wa maji hawaitwi kitu. Bila wao mashua zingebaki Fungurume.

Sasa angalieni njia ile tena: Kalemie, Kabalo, Bukama, Fungurume, Lubumbashi. Familia ngapi za hapa mjini zimeipita kwa kurudi nyuma, na godoro kichwani na watoto mkononi, tangu vita vya Watwa na Waluba vilipowatoa watu vijijini? Yule mama wa Nyunzu aliipita hivyo. Alipoutaja mji wa Kabalo hakucheka tena.

Kwa hiyo nina ombi moja. Wazee wa Fungurume, Bukama, Kabalo na Kalemie mlioko hapa: kama babu au bibi aliwahi kuwasimulia habari za mashua zilizopanda mlima, mwiteni mtoto mmoja wa nyumbani, achukue daftari, aandike jina la babu au bibi huyo, na kijiji chake.