Frasila mbili za pagazi na Hilux ya baba mdogo

Najua nimeadimika, lawama zenu nimezipata. Ni testi tu, na semina za asubuhi ambazo ukichelewa dakika tano unakaa kwenye ngazi. Leo nimepata nafasi, tena nina stori ya nyumbani Sikonge ambayo imeingia mpaka kwenye somo langu la historia. Kaeni mkao wa kusoma, ni ndefu kidogo.

Juzi Jumanne natoka kipindi, simu inaita. Baba mdogo. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hujambo? Wewe si ndiyo msomi wetu? Niulizie huko mjini hii kitu inaitwa rimapu."

Kwa wasioijua, rimapu ni hivi. Gari la kisasa la dizeli lina kompyuta ndogo, mafundi wanaiita kontroli boksi. Ndani yake kuna majedwali yanayoamua nozeli zimwage mafuta kiasi gani, saa ngapi, na tabo isukume hewa kwa presha gani. Fundi anakuja na laptop, anachomeka waya, anabadilisha yale majedwali, na gari lilelile linaondoka na nguvu zaidi. Hajafungua hata nati moja! Ukiliangalia nje, ni lilelile. Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Baba mdogo ana Hilux ya dizeli yenye tabo. Anabebea asali na mizigo ya wakulima wa tumbaku, Sikonge kwenda Tabora, kama kilomita 70, na mara nyingine anashuka Ipole huko msituni. Aliinunua kwa mkopo, na benki ilimlazimisha akate bima kubwa. Sasa kuna kijana kamwambia kwa laki kadhaa gari litapanda mlima na mzigo kama halina kitu. Nikamuuliza: "Na watu wa bima umewaambia?" Akacheka. "Sasa wao inawahusu nini? Si ndani ya kompyuta? Nani ataona?"

Nilikata simu roho haijatulia. Sisi kwenye ukoo hili jambo tunalijua. Shangazi yangu na mumewe walikuwa na Fuso. Kwenye karatasi za bima iliandikwa inafanya kazi moja, barabarani ikawa inafanya nyingine. Ilipoungua hawakulipwa hata senti, na deni lililipwa kwa kuuza shamba na nyumba. Binamu zangu wawili waliacha shule mwaka ule. Kwa hiyo mtu akiniambia "nani ataona", mimi nalikumbuka lile shamba.

Sasa sikieni. Siku ileile mchana nilikuwa maktaba nasoma kuhusu misafara ya karne ya 19, ile ya Bagamoyo mpaka Unyanyembe, yaani Tabora kwetu, kisha Ujiji. Burton na Speke walifika Tabora Novemba 1857 wakakuta mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili katikati ya nchi ya Wanyamwezi. Karibu mzigo wote uliofika pale, vitambaa, shanga, waya za shaba, bunduki, ulifika kwa mabega ya watu. Na pembe za ndovu zilirudi pwani kwa mabega hayohayo. (Tusijidanganye, watu nao waliuzwa kwenye njia hiyo. Ukisoma habari za misafara ukaisahau minyororo, hujasoma.)

Kilichonishika ni mzigo wa pagazi. Kawaida ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni karibu kilo 16, kwa hiyo tunazungumzia kilo 32 hivi, na juu yake pagazi ana mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Je, mwanamume wa Kinyamwezi hakuweza kubeba zaidi ya hapo? Aliweza! Wapo waliobeba pembe nzito kuliko hivyo, na walijivunia. Lakini mzigo wa kawaida haukupimwa kwa kuuliza leo unaweza kubeba kiasi gani. Ulipimwa kwa safari ya miezi, jua la Ugogo, maji ya shida, homa na njaa. Kile kilichobaki kati ya anachoweza na anachobebeshwa hakikuwa uvivu. Kilikuwa akiba ya kufika.

Hapo nikafunga kitabu nikasema, kumbe hiyo ndiyo rimapu! Kiwanda kinapopanga injini hakiiweki kwenye mwisho wa nguvu zake. Kinaacha nafasi, kwa sababu hakijui gari litakwenda wapi: kwenye dizeli chafu, kwenye joto, kwenye vumbi, kwa dereva asiyebadilisha oili kwa wakati. Anayefanya rimapu hatengenezi nguvu kutoka hewani. Anachukua ile nafasi na kuigeuza mwendo. Si dhambi. Ila ujue umekula akiba, na akiba iliyoliwa lazima uirudishe kwa njia nyingine.

Wazee wa misafara waliirudishaje? Kwanza, kwa maandalizi. Msafara haukuamka siku moja ukakimbia. Kulikuwa na kukusanya mapagazi, kufunga mizigo, kumpata kirangozi anayeijua njia, kwenda kwa mganga kutazamia safari. Na siku ya kwanza mara nyingi walikwenda mwendo mfupi tu, wakapiga kambi karibu na mji. Kwa nini? Ili mzigo uliofungwa vibaya ufunguke hapo karibu, aliyesahau kitu arudi, na mwenye nia ya kutoroka ajulikane mapema. Pili, wenye misafara midogo walisubiri wenzao waungane, maana wengi wakiwa pamoja ni vigumu kuvamiwa.

Nimeongea na jamaa yangu wa uhandisi ili nipate ule "mwendo mfupi" wa gari. Kanipa orodha, nikamtumia baba mdogo vilevile. Kabla laptop haijachomekwa, gari lipimwe kwanza kama ni zima. Kompyuta isomwe kama kuna makosa yamejificha. Oili na filta zake mpya, ea klina safi, filta ya dizeli mpya. Nozeli zipimwe, maana nozeli inayovuja kidogo leo, ukiiongezea presha inaweza kutoboa pistoni. Tabo ishikwe, kama shafti inacheza, usiendelee. Rejeta na feni, kwa sababu nguvu zaidi ni joto zaidi. Kilachi, kwa kuwa ndiyo inayopitisha nguvu hizo kwenda kwenye giaboksi, na ikiwa imechoka itaanza kuteleza wiki hiyohiyo. Breki na matairi, hayo wala hayahitaji maelezo. Halafu fundi aitunze ile programu ya awali ya kiwandani, ili mambo yakiharibika gari lirudishwe lilivyokuwa. Fundi akikuambia haina haja ya kuitunza, mwage hapohapo.

Hayo ni maandalizi. Sasa bima. Misafara ile haikuwa na bima kama tunayoijua. Bidhaa zilitoka Unguja kwa mkopo, na wakopeshaji wakubwa walikuwa matajiri wa Kihindi. Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, yule ambaye baba yake aliishi Ituru, hapohapo karibu na Tabora. Mkopeshaji alijua kwamba msafara unaweza kuvamiwa au kufa njaa, kwa hiyo hatari aliipandisha kwenye bei: unachukua vitambaa leo, unalipa kwa pembe baadaye, kwa thamani ya juu zaidi. Lakini msafara ukiangamia, deni haliangamii. Linakusubiri pwani. Baba mdogo yuko palepale. Hilux ikiungua njiani na bima ikakataa, benki haitasema pole. Deni litamsubiri mlangoni.

Na njiani kulikuwa na hongo. Siku hizi hongo ni rushwa, lakini enzi hizo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtemi. Upande wetu wa kusini kulikuwa na Nyungu ya Mawe, mtemi mwenye jicho moja aliyeziunganisha nchi za Wakimbu kwa vita miaka ya 1870, makao yake yakiwa Kiwele, na misafara ilimjua vizuri. Alifariki 1884. Kaskazini-magharibi alikuwepo Mirambo. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga Mirambo, wakapigwa wao, na Tabora ikavamiwa. Stanley alikuwa pale, anamtafuta Livingstone. Njia fupi ya Ujiji imefungwa. Alifanya nini? Septemba 20 aliondoka Kwihara akashika njia ndefu, kusini-magharibi kupitia Ugunda, upande huu wa kwetu, akazunguka vita. Novemba alifika Ujiji. Zile siku za kuzunguka zilikuwa gharama, lakini gharama aliyoichagua mwenyewe kwa kuwa aliijua hatari iliyo mbele.

Bima ya kweli ina jambo moja ambalo hongo haikuwa nalo, nalo ni kusema kweli. Mwenye hongo anaona mizigo yako, mnabishana bei hata siku kadhaa, unalipa, unapita. Mwenye bima haoni kitu. Yuko ofisini. Anategemea ulichoandika kwenye fomu. Kanuni hii ilielezwa na jaji Mansfield kule Uingereza mwaka 1766. Gavana wa Kiingereza aitwaye Carter aliikatia bima ngome yake huko Sumatra, Wafaransa wakaiteka 1760, mwenye bima akakataa kulipa akidai alifichwa udhaifu wa ngome. Mansfield alisema pande zote mbili zina wajibu wa nia njema, asifiche mtu jambo analolijua peke yake ambalo lingebadilisha uamuzi wa mwenzake. Kwa taarifa yenu, Carter alishinda! Mahakama iliona mwenye bima angeweza kuyajua yale mwenyewe. Lakini kanuni ikabaki, na sheria yetu ya bima imerithi mizizi hiyohiyo.

Sasa jiulize, kati ya ngome ya Carter na kontroli boksi ya Hilux, ipi inafichika zaidi? Ngome dunia nzima inaiona. Rimapu hakuna anayeijua ila wewe na fundi wako. Kwa hiyo wewe huna hata ile nafasi ya Carter.

Watu wengi huku kwetu hatulijali hili, na nadhani historia inachangia. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa 1963, baada ya 1967 likawa ndilo pekee, na makampuni binafsi yaliruhusiwa tena kwa sheria ya 1996. Mamlaka ya usimamizi, TIRA, ikaja na sheria ya 2009. Kwa miaka mingi bima kwa mtu wa kawaida ilikuwa stika ya kumwonyesha trafiki, basi. Wala si ajabu baba mdogo anaiona kama hongo: lipa, pita. Bima ndogo ile ya lazima inawalinda wale utakaowagonga. Gari lako mwenyewe linalindwa na bima kubwa, na bima kubwa inasimama juu ya maneno yako.

Nikampigia jioni, nikamweleza yote, mpaka Stanley na Ugunda. Kimya. Halafu: "Kwa hiyo serikali imekulipia mkopo wa chuo uje unitishe na wafu?" Nikanyamaza, mkubwa ni mkubwa. Nikasema tu, "Baba, kumbuka shamba la shangazi." Akasema usiku mwema, akakata. Siku mbili hakupokea simu yangu.

Jana kanipigia mwenyewe. Kaenda Tabora kwa wakala wa bima, kawauliza kwa mdomo, wakamwambia aandike barua: anataka kubadili nini, nani atafanya, nguvu itaongezeka kiasi gani, wao watasema kama wanakubali na kama ada itapanda. Ameandika, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ameiweka kwenye bahasha moja na kadi ya gari. Majibu bado. Wakati anasubiri, fundi alipima nozeli akakuta mbili zimechoka, na ea klina imejaa vumbi la barabara za vijijini. Kabadilisha. "Mwanangu," ananiambia, "mbona gari inavuta kama mpya?"

Nikamuuliza, sasa rimapu bado unaitaka? Akacheka kile kicheko chake. "Bado naitaka. Lakini nangoja barua."

Haya wapendwa, mimi nakwenda kutafuta wali maharage kabla hawajafunga. Mwenye baba mdogo kama wangu ampigie leo. Tukijaliwa tutaonana baada ya testi.