Samadi, Mboji na Mbolea: Maneno ya Rutuba katika Historia ya Usukuma

Tinde ni mji mdogo uliopo njia panda katika Wilaya ya Shinyanga. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo: mkono mmoja huenda Shinyanga na Mwanza, na mwingine huenda Isaka na Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Kabla ya machifu kuondolewa madarakani mwaka 1963, Tinde lilikuwa pia jina la utemi. Msafiri wa leo hukiona kituo cha kula na kuendelea na safari. Nyuma ya maduka yaliyo kando ya barabara, hata hivyo, kuna mbuga za mpunga, na karibu na visima na malambo kuna bustani za mchicha, nyanya na vitunguu, mazao ambayo soko lake ni wapita njia na miji iliyokua kwa migodi ya dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita. Mwenye bustani ya aina hiyo ana swali moja kila msimu: udongo huu ulishwe nini, na kwa fedha ipi? Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika maneno.

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni samadi. Asili yake ni Kiarabu, samād, na lilifika bara pamoja na Kiswahili chenyewe. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba wafugaji wa Usukuma, ambao walikuwa na mazizi makubwa kabla ya misafara ya pwani kuwafikia, sasa hulitumia neno la kigeni kukitaja kitu kilichokuwa mlangoni pao siku zote. Sababu haiko mbali. Mavi ni neno zito kwa masikio ya Waswahili, na kinyesi ni neno la hospitali na la idara ya afya. Samadi lilileta adabu. Lakini lilileta pia tofauti ya maana ambayo kamusi hazikuitilia mkazo wa kutosha: kinyesi cha ng'ombe huitwa samadi pale tu kinapokusudiwa kwenda shambani. Kikikaushwa ili kitumike kama kuni, au kikikandwa ili kusiriba sakafu, hakiitwi samadi. Neno, kwa hiyo, halitaji kitu. Hutaja matumizi ya kitu, na hata nia ya mwenye kitu.

Mbolea, kwa upande wake, lina sura ya Kibantu. Mzizi wa kale *-bod-, wenye maana ya kuoza, ndio uliozaa kitenzi oza na kivumishi -bovu. Katika lugha nyingi za bara mzizi huo umebaki kama -bola. Ni vigumu kulitenga neno mbolea na ukoo huo, na mboji nalo laonekana kukaa karibu. Kama ndivyo, basi mbolea kwa asili ni kile kilichooza kwa ajili ya kitu kingine. Vunde, litokanalo na vunda, limefuata njia hiyo hiyo ya fikra, na ndiyo maana mabwana shamba wa Tanzania husema mbolea vunde pale wenzao wanaposema mboji. Kiswahili, kwa maneno mengine, kilikuwa kimeshaliona jambo ambalo sayansi ya udongo ilikuja kulifafanua baadaye: kwamba rutuba hutokana na uozo uliokamilika. Kitu kibichi hakijawa mbolea bado.

Wasukuma walikuwa na msamiati wao wa udongo, na ulikuwa mpana kuliko wa Kiswahili. Luseni ni mchanga mwepesi wa mteremko. Itogolo ni udongo mgumu wa chini zaidi. Ibushi una chokaa. Na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mpangilio huo wa udongo, kutoka kilima cha mawe hadi bondeni, ulimvutia Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, ambaye katikati ya miaka ya 1930 aliipa sayansi ya dunia istilahi ya katena. N. V. Rounce naye aliyaorodhesha majina ya Kisukuma katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 1949. Wataalamu hao walikuwa na uungwana wa kukiri kwamba wakulima walikuwa wameuainisha udongo kabla yao. Uungwana huo haukuonekana sana katika yaliyofuata.

Neno jingine linalostahili kutazamwa ni itongo. Katika Kisukuma ni mahali palipokuwa na kaya kisha pakahamwa, na Kiswahili kinalo pia, tongo na matongo. Ni vigumu kulisikia neno kitongoji bila kulikumbuka. Katika Usukuma mahame hayakuwa magofu ya kusikitikia. Zizi lililokaa hapo miaka kumi, majivu ya jikoni, makapi ya mtama na taka za uani viliacha ardhi nono kuliko zote za jirani, na mtu aliyepata itongo alipanda hapo mahindi na tumbaku. Huo ulikuwa ndio utaratibu wa kurutubisha: badala ya kuibeba samadi kwenda shambani, watu na mifugo walihama, na shamba likaifuata samadi. Gharama yake ilikuwa ndogo mno, maadamu ardhi ilikuwepo.

Ardhi ilipoanza kubana, serikali ya kikoloni ilitaka samadi ibebwe. Majaribio ya kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, yalionyesha kwamba pamba na nafaka huitikia samadi vizuri, na kwamba nguvu yake hubaki udongoni kwa misimu kadhaa. Hilo lilikuwa kweli. Kisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ukaligeuza kweli hilo kuwa amri. Sheria ndogo za serikali za wenyeji ziliagiza matuta, upunguzaji wa mifugo na upelekaji wa samadi shambani, na aliyekaidi alitozwa faini. Mtu asiye na mkokoteni alitakiwa kubeba kwa vikapu mzigo ambao faida yake ingeonekana mwakani. Chuki dhidi ya sheria hizo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoupa TANU nguvu katika kanda hiyo, hadi machafuko ya Geita ya mwaka 1958. Maarifa mema yalichafuliwa na namna yalivyoletwa, na kwa muda samadi likawa neno lenye harufu ya karani wa baraza.

Kwamba tatizo halikuwa ujinga wa mkulima kunathibitishwa na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe. D. Thornton na Rounce walikieleza mwaka 1936. Wakara walikuwa wengi katika ardhi finyu. Kwa hiyo waliwafuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia majani, wakaikusanya samadi kwenye shimo la zizi na kuibeba hadi mashambani bila kuamrishwa na mtu. Walipanda pia mimea jamii ya kunde ndani ya uwele ili waifukie. Tofauti kati ya Ukara na Tinde haikuwa ya akili. Ukara shamba lilikuwa hatua chache kutoka zizini na hapakuwa na itongo la kuhamia.

Uhuru ulileta neno la tatu, au tuseme maana ya tatu ya neno la zamani. Kiwanda cha Tanga kilianza kutengeneza mbolea mwaka 1972, mwaka huo huo wa Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikafuata, na mifuko ikaenda vijijini kwa bei ya ruzuku. Mwanzoni watu waliiita mbolea ya chumvichumvi, jina la kupendeza kwa usahihi wake, kwani humo mna chumvi kweli kwa maana ya kikemia. Kadiri mifuko ilivyozoeleka, sifa hiyo ilidondoka, na mbolea ikabaki peke yake ikiwa na maana ya kilichomo mfukoni. Wanaisimu huuita mchakato huo ufinyu wa maana, na kwa kawaida hauna madhara. Hapa ulikuwa nayo. Operesheni Vijiji ilikuwa imekwisha kuwahamisha watu wa Shinyanga mwaka 1974 kutoka kwenye matongo yao na kuwapanga kando ya barabara, mbali na ardhi waliyoinenepesha kwa vizazi. Ruzuku nayo ikaondolewa hatua kwa hatua katika miaka ya mwanzo ya 1990. Mkulima alibaki na neno ambalo maana yake imo dukani, ilhali fedha ya dukani hana. Ndipo ikawezekana mtu mwenye zizi la ng'ombe ishirini aseme, bila kuona kichekesho, kwamba hana mbolea.

Juhudi za kulirudisha neno nyumbani zilikuwepo. Katika miaka ya 1980 wamisionari wa Peramiho, huko Ruvuma, walieneza mmea wa jamii ya kunde uitwao marejea, unaofukiwa ukiwa mbichi ili kurejesha rutuba. Ni vigumu kupata jina la mmea lililo wazi zaidi kwa mkulima. Vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008 ziliwalenga walimaji wa mahindi na mpunga, si bustani. Bei zilipopanda tena, ruzuku ya mwaka 2022 iliushusha mfuko wa DAP wa kilo 50 hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejisajili. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo, kwa mwenye tuta tatu za mchicha, shilingi 70,000 bado ni mtaji mzima.

Ni hapa ambapo msamiati uliofinywa huleta hasara ya fedha, kwa sababu vilivyo rahisi kupatikana Tinde ni vingi na havifanani. Samadi ya zizi la wazi huwa imechanganyika na mchanga na kupigwa na jua. Ni rahisi, lakini nusu ya mzigo unaolipiwa mkokoteni yaweza kuwa mchanga. Ile iliyorundikwa chini ya kivuli na kufunikwa, hata ikiwa ghali kidogo, hubeba naitrojeni zaidi. Kinyesi cha kuku ni kikali na huunguza miche kisipoachwa kioze. Pumba za mpunga hutupwa kwa marundo kwenye mashine za kukoboa, na mtu hudhani amepata bure. Zikifukiwa zikiwa kavu hukaa muda mrefu bila kuoza na huifanya mimea inyauke rangi, kwa kuwa viumbe vinavyozioza hunyang'anya naitrojeni ya udongo. Mahali pake pa kwanza ni chini ya ng'ombe, zinyonye mkojo, kisha kwenye rundo. Mashudu ya pamba yana nguvu sana, ila ng'ombe wa mwenye fedha huyashindania. Majivu yafaa kwa kiasi, na yafaa kidogo mno kwenye ibushi, ambao tayari una chokaa. Mchanga wa marudio ya dhahabu, hata ukitolewa bure, usikaribie bustani: zebaki haiozi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiwango cha tani 10 za samadi kwa hekta ni sawa na kilo moja kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo bustani ya mita kumi kwa kumi huhitaji kilo 100, na mikokoteni michache huitosheleza hata ikipewa mara mbili ya hapo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ili kupata kiasi hicho katika samadi ya wastani, iliyo kavu, hutakiwa karibu tani mbili, na sehemu yake tu ndiyo itakayoachiliwa msimu wa kwanza. Mwenye kusema samadi ni dhaifu husimama hapo. Kwenye luseni, hata hivyo, urea huoshwa na mvua mbili nzito, na mchanga hubaki mchanga. Samadi na mboji huushikisha udongo maji, jambo ambalo, katika nchi ya mvua chache zisizotabirika, lina uzito kuliko asilimia zilizoandikwa mfukoni. Mtunza bustani mwenye busara huweka mboji kwanza, kisha huongeza urea kiganjani pale majani yanapodai.

Kilichobaki kigumu ni kuni. Miti ilipokwisha Shinyanga, kinyesi na mabua ya pamba viliingia jikoni, na kila kilichochomwa kilipunguza kilichoweza kuitwa samadi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi ya ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa ili yachipue, na maelfu kwa maelfu ya hekta zikarudi kuwa na miti. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ngitili huhesabiwa kwa kawaida kama habari ya misitu. Yafaa ihesabiwe pia kama habari ya bustani, kwani kaya yenye kuni haina haja ya kuchoma samadi.

Na neno linaendelea kutembea. Huko Nala, Dodoma, kiwanda cha Itracom huchanganya samadi na madini, hukausha mchanganyiko huo na kuuza chembe ziitwazo Fomi. Samadi imeingia mfukoni, na katika maduka ya pembejeo inauzwa kwa jina la mbolea.