Mtu Wetu Anakunywa: Kutoka Gereza la Hoima hadi Butabika

(Muziki wa kipindi unapungua.)

MTANGAZAJI:  

Leo tunazungumza nawe uliye na mtu nyumbani ambaye pombe imemshika. Huenda ni mume, mke, kaka au mtoto wako. Umeficha pesa za chakula. Umelipa madeni yake kwa mama muuza pombe. Huenda kuna usiku ulimfungia ndani. Kabla ya ushauri tukusimulie historia fupi, maana kufuli hilo lilishajaribiwa na serikali nzima.

Pombe hatukuikuta ukimbizini. Kivu watu wanajua kasiksi na lotoko, Burundi wanajua urwagwa, na Uganda kuna enguli ya ndizi, ambayo wengi huiita waragi. Ilinywewa kwenye harusi na matanga. Ilikuwa pia karo ya shule, kwani wanawake wengi wamesomesha watoto kwa kupika pombe. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Uganda ilitunga sheria ya enguli. Kuipika bila leseni kukawa kosa, na iliyopikwa kwa leseni ilitakiwa kuuzwa kiwandani, isafishwe na kutiwa kwenye chupa. Vijijini watu waliendelea kupika. Mwaka 2010, huko Kabale, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa waragi yenye methanoli, spiriti ya sumu. Mwaka 2019 Uganda ikapiga marufuku pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, vile ambavyo Tanzania waliviita viroba na kuvikataza mwaka 2017.

Sheria hizo zilibana mpishi na muuzaji. Mtu aliyekwisha kushikwa alibaki nyumbani, mikononi mwa mama yake au mkewe.

Na akili yake ikivurugika, alipelekwa wapi? Wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1920, wagonjwa wa akili Uganda waliwekwa katika sehemu ya gereza la Hoima. Miaka ya 1930 wakahamishiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1955 ikafunguliwa hospitali ya Butabika, mashariki ya mji, karibu na Ziwa Victoria. Hata hapo, sheria iliyosimamia wagonjwa hao ilikuwa ya Waingereza, ya mwaka 1938. Ilidumu miaka 80, hadi ilipotungwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018. Leo Butabika ina wodi maalumu ya watu walioshikwa na pombe na dawa za kulevya. Mtu huingia pale kama mgonjwa, akapimwa na kupewa dawa na ushauri.

Msikilizaji, shika jambo hili. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatishwa pombe ghafla, anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa na kufa. Ndiyo maana kumfunga kamba au kumfungia ndani "mpaka imtoke" ni hatari. Mpeleke kwanza kituo cha afya. Mhudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, anaweza kukuonyesha njia, na kituo kikishindwa kitakuandikia barua ya rufaa. Mkimbizi hutibiwa katika vituo vya serikali ya Uganda kama raia.

Na wewe unayebaki nyumbani? Historia yako pia ipo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, wanaume wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walianza kusaidiana kuacha pombe, na vikundi vya namna hiyo vikaenea duniani. Wake zao nao walikaa pamoja na kuzungumza, wakagundua kwamba wamechoka na kuumia hata pale mume alipokuwa ameacha kunywa. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa Bill, pamoja na mwenzake wakaanzisha umoja wa jamaa za walevi. Walichojifunza ni hiki: jamaa hakuuleta ugonjwa huu, na hawezi kuuponya kwa machozi wala kwa ulinzi wa usiku kucha. Anaweza kutunza maisha yake na ya watoto.

Basi fanya hivi. Zungumza naye asubuhi, akiwa hajalewa, kwa maneno machache. Usilipe deni lake la pombe. Deni hilo ni lake. Chakula cha watoto kiweke kwa jirani unayemwamini. Akiwa na fujo, usibishane na mlevi: ondoka na watoto, lala kwa jirani, asubuhi nenda ofisi ya ulinzi. Tafuta wenzako wawili watatu wenye shida hiyo, mkutane kila wiki chini ya mti. Siku atakaposema "nimechoka na hali hii", mfuate kituoni siku hiyo hiyo.

Akianza tena baada ya kuacha, usihesabu kwamba yote yamepotea. Wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kusimama.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulifichwa nyuma ya kuta za gereza. Usiufiche tena nyuma ya mlango wako.

 Mpe jirani yako karatasi hii akishindwa kutusikia redioni.

(Muziki.)