Itifaki za uelekezaji katika mitandao ya magari

Itifaki za uelekezaji katika mitandao ya magari ni kanuni zinazoamua ujumbe wa redio upitie magari yapi ili ulifikie gari lililo mbali. Magari hupokezana ujumbe yenyewe kwa yenyewe, bila mnara wa simu. Kiwango cha IEEE 802.11p, kilichopitishwa mwaka 2010, hutumia mawimbi ya gigahezi 5.9.

Itifaki hulinganishwa kwa vipimo vitatu: pakiti (vipande vya ujumbe) zinazofika, muda zinaochukua, na wingi wa ujumbe wa kutafutia njia. Hakuna inayoshinda kila mahali. Barabara ndiyo huamua, na Mkoa wa Songwe nchini Tanzania ni mfano mzuri.

Foleni ya Tunduma

Tunduma, mji wa mkoa huo, uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, kwenye barabara ya TANZAM. Malori yakisimama foleni, majirani wa kila lori hawabadiliki kwa muda mrefu. Hapo itifaki ya OLSR (2003) inafaa: kila gari lina jedwali la njia tayari, na majirani wachache tu huteuliwa kurudia matangazo. Itifaki ya AODV (2003) hutafuta njia pale inapohitajika, kwa ombi linalorudiwa na kila gari. Kwenye foleni ndefu maombi hayo hugongana hewani.

Magari yanayopishana

Malori mawili yanayopishana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, hukaribiana, kisha huachana, kwa meta 44 hivi kila sekunde. Redio zikifika meta 300, yatasikilizana kwa sekunde 13 au 14 tu, kabla na baada ya kupishana. Kwa kawaida OLSR hutuma salamu kila sekunde 2, na humhesabu jirani kuwa yupo hadi sekunde 6 baada ya salamu yake ya mwisho. Katika sekunde hizo 6 malori huachana zaidi ya meta 260, na pakiti huenda ikatumwa kwa gari lisilosikia tena.

Itifaki ya GPSR, iliyobuniwa na Karp na Kung mwaka 2000, haihifadhi njia. Humkabidhi ujumbe jirani aliye karibu zaidi na mlengwa kwa vipimo vya GPS. Hukwama pasipo na jirani wa namna hiyo, hivyo hulazimika kuzunguka.

Njia ya Saza

Saza ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika eneo la dhahabu la Lupa. Barabara ikiwa na magari machache, itifaki zote tatu hushindwa, maana zinataka mnyororo usiokatika. Kinachofaa ni kubeba na kukabidhi: gari hutunza ujumbe hadi likutane na jingine, kama mzigo aliokabidhiwa kondakta wa basi. Taarifa ya daraja lililosombwa na maji itachelewa, lakini itafika.

Lori lililokatika breki mteremkoni halina muda huo. Onyo lake hutangazwa moja kwa moja kwa magari ya jirani, bila kutafutiwa njia. Kwa hiyo anayechagua itifaki aanze na swali hili: ujumbe huu unaweza kusubiri kwa muda gani kabla mtu hajaumia?