Mizinga ya 1896 na Barua za Banani

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti cha usultani. Tarehe 6 Aprili 1897 sultani huyo alitoa amri ya kuondoa utumwa. Mwaka huohuo Henry Stanley Newman, Mquaker wa Leominster aliyeshughulika na shule za watu wazima na malezi ya yatima, alisafiri hadi Pemba, na misheni ya dhehebu lake ikaanza katika shamba la mikarafuu la Banani, karibu na Chake Chake, chini ya Theodore Burtt. Tangu 1660 Waquaker walikuwa wametangaza kwamba hawashiki silaha. Je, anayekataa vita anaweza kupita katika mlango uliovunjwa kwa mizinga na imani yake ikabaki nzima? Naona anaweza, mradi autambue ujeuri hata pale ambapo wengine wanaona sheria tu.

Kwa kipimo hicho, kitabu cha Newman, Banani, kilichotoka 1898, na barua ambazo Burtt aliendelea kupeleka Uingereza vina uzito kuliko mahubiri mengi ya amani. Amri ya 1897 haikumwacha huru mtu yeyote kwa siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, bwana wake alipwe fidia, na yeye aonyeshe ana pa kukaa na pa kupatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Sasa tumtazame mchumaji wa karafuu. Hupanda juu ya mkarafuu, huchuma vishada kwa mkono, jioni hukaa kutenga karafuu na vikonyo, kisha huanika juani. Kwa desturi, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, alime mihogo yake. Lakini mihogo hiyo, na kibanda chenyewe, vilikuwa katika ardhi ya bwana. Kwenda mahakamani kuomba cheti cha uhuru kulikuwa kuhatarisha vyote viwili. Hakuna aliyemwelekezea bunduki, na maofisa wa serikali waliweza kusema kwa dhati kabisa kwamba hakuna anayemzuia. Waquaker walikataa hoja hiyo, wakaisumbua London kwa kudai kwamba uhuru wa kuombwa ni utumwa uliorefushwa.

Atakayepinga atasema amani hiyo ni ya kuazima: bila manowari, Burtt asingepata hata pa kutua mizigo yake. Ni kweli, wala sioni haja ya kumtetea hapo. Ila kufaidika na nguvu ni jambo moja, na kuinyamazia ni jingine. Mwenye kufaidika ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Banani nayo ilikuwa shamba. Karafuu zikiiva hazingoji, na misheni ilihitaji wachumaji sawa na jirani yake Mwarabu. Ililipa ujira, ikafundisha kusoma, lakini ilitaka pia mtu huru awe mfanyakazi mtiifu anayefika kazini kwa saa. Hapo jicho lao, lililokuwa kali kwa mahakama, lilipungua nguvu kwa mambo ya kwao wenyewe. Tena waandishi ni wao tu. Mchumaji anaandikwa, haandiki.

Hata hivyo, suala la masuria linaonyesha kwa nini shinikizo lile halikuwa la bure. Amri ya 1897 iliwaacha nje, isipokuwa suria aliyeweza kuthibitisha kwamba anatendewa ukatili. Serikali iliita hilo kuheshimu ndoa na nyumba za Waislamu. Wakosoaji, Waquaker wakiwamo, waliliita kwa jina lake: utumwa. Masuria waliingizwa katika sheria mwaka 1909, na hata hapo aliyeondoka bila ridhaa ya bwana alipoteza haki ya kukaa na watoto wake.